Kivuli Ndani ya Darubini

Adelphi, Maryland
Jumapili, 8 Juni

Kwa dada yangu mpendwa Chepkoech,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto na wale wateja wako wanaotaka gauni la harusi liwe tayari jana. Sisi huku miili haijambo, tunamshukuru Mungu, ila moyo wangu hautulii. Mke wangu Awino anakusalimu sana. Yuko zamu hospitalini, nami nimebaki mezani na kalamu, maana haya siwezi kukwambia kwa simu. Kwa simu ungenikatiza. Je, ile taa ya duka lako imetengemaa? Uliniambia umebadilisha balbu mara tatu na bado unauona uzi kwa shida. Nitalirudia hilo.

Unamkumbuka Gichuki, rafiki yangu wa kanisani, yule wa picha ya kukumbatia kabichi. Amepata shamba dogo huko juu, unapita Gaithersburg kwa barabara ya 270 mpaka nyumba zinaisha. Amepanda managu na sukuma wiki. Shida ni mnyama mmoja wa huku, mnene kama pimbi, anayechimba mashimo na kula managu kama mgeni aliyealikwa. Gichuki aliulizia, akaambiwa mwenye shamba anaruhusiwa kumpiga. Akanunua bunduki ndogo, ile ya risasi nyembamba za kupigia sungura, akaniomba nimchagulie darubini ya kulengea na kuifunga juu yake. Eti mimi ni fundi. Nilitengeneza redio Litein miaka ishirini iliyopita, na sifa hiyo haijaniacha.

Bunduki naziogopa, dada, tangu ule mwaka wa ghasia tuliolala tumejificha kwenye majani chai. Lakini nilikubali, kwani Gichuki ndiye aliyetupokea tulipofika nchi hii.

Dukani alitaka darubini kubwa, ndefu kama mchi. Nikamwambia hiyo ni ya bunduki kubwa, imetengenezwa kuona mbali, na pimbi wake yuko hatua hamsini tu. Tukachukua ndogo ya bei ya chini, inayokuza mara nne. Jumamosi tukaifunga kwenye meza iliyo kibandani kwake, bunduki ikiwa tupu. Niliikagua mara tatu. Nilibana pete mbili kwenye reli, nikalaza darubini, nikaweka pima maji ili msalaba wa ndani usimame wima, nikakaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu. Kazi safi.

Kisha nikaweka jicho. Upande wa juu wa duara ulikuwa na kivuli, kama sufuria iliyofunikwa nusu. Kijikaratasi kilichokuja nayo kilieleza kwamba kivuli huja jicho likiwa karibu mno au mbali mno. Nikalegeza pete, nikasogeza mbele. Kivuli. Nikarudisha nyuma. Kivuli kile kile, mahali pale pale. Nikailaani bei ya chini, nikamwambia Gichuki rahisi ni ghali. Tukairudisha dukani, tukabadilishiwa kwa nyingine ya kampuni tofauti.

Jumamosi iliyofuata, kivuli kile kile. Nilipoanza kuilaani na hiyo, Gichuki alinisogeza akaangalia mwenyewe. Kisha akasema, "Festo, mimi naiona yote. Hebu weka lile jicho lingine."

Nikaweka la kushoto. Duara likawa zima, dada, isipokuwa ukungu kidogo pembeni. Niliona managu, uzio, mpaka kunguru juu ya nguzo. Nikarudi kwa jicho la kulia, na kunguru hakuwepo. Nikakaa chini pale kibandani. Gichuki hakunitania, na Gichuki hutania hata msibani.

Daktari wa macho amepima. Ni presha ya macho. La kulia limeliwa sehemu ya juu, la kushoto limeanza. Kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Aliniuliza kama kuna mtu katika familia aliyepofuka, nikamweleza habari za baba. Unakumbuka baba alivyogonga nguzo ya lango kwa baiskeli, akasema fundi alilijenga jembamba, akalibomoa lipanuliwe? Kisha akagonga nguzo mpya. Tulicheka, mimi na wewe.

Sasa nikuambie ambalo hata Awino hajui. Unajua kazi yangu ni kuendesha gari la wagonjwa wa figo, kuwapeleka kusafishwa damu na kuwarudisha. Daktari aliniambia nisiendeshe mpaka vipimo viishe. Nikamjibu ndiyo, na kesho yake asubuhi nikaendesha. Niliendesha siku tisa. Niliogopa kukaa nyumbani, niliogopa kuambiwa mimi ni kipofu, nikawabeba watu wagonjwa ndani ya woga wangu. Siku ya tisa nilikuwa na Mama Genoveva, mama wa Kitanzania asiye na maneno mengi. Tulivuka makutano ya University Boulevard, magari yakatupigia honi kila upande. Nikamwambia taa ilikuwa ya njano.

"Nyekundu, mwanangu," alisema. "Mimi niliiona."

Mimi sikuiona hata taa yenyewe. Nilimfikisha kwake kwa mwendo wa kobe, nikamsindikiza hadi mlangoni, na sikurudi kwenye usukani. Nilipiga simu kazini waje wachukue gari na funguo. Leo Awino akirudi nitamwambia. Naogopa uso wake, naogopa kiza chenyewe, lakini zaidi ya yote nakuogopea wewe.

Kwani daktari alisema ugonjwa huu hupenda ndugu wa tumbo moja, na hauumi. Baba alilaumu lango. Mimi nililaumu darubini mbili nzima. Dada, usinunue balbu nyingine. Kesho funga duka, nenda ukapimwe macho.

Nisalimie watoto, na majirani wanaoniulizia. Nangoja jibu lako, na tafadhali liandike kwa mkono wako mwenyewe, nione kama mistari imenyooka.

Nduguyo,
Festus Mutai