Sauti Yangu Inakatika

Jumatatu, 3 Februari
Maji ya uvuguvugu, brashi, bomba la shingoni. Kitambaa safi juu ya tundu ninalopumulia, mtandio juu ya kitambaa. Dukani kabla jua halijawa kali. Nyuzi nyeusi zimeisha. Zipu ndefu pia.

Leo mashine yangu ya kusemea imekatika katikati ya bei. Mteja aliuliza zipu za magauni. Nikaibana shingoni, nikabonyeza, ikatoka "elfu m..." kisha kimya. Midomo inaendelea, sauti haipo. Yule dada akacheka, alidhani natania. Nikamwonyesha kwa vidole.

Betri nilichaji usiku kucha. Siyo betri.

Naogopa. Tangu saratani iniondolee kikoromeo, hiyo mashine ndiyo koo langu. Inatikisa shingo, midomo inatengeneza maneno. Watu wanasema naongea kama redio mbovu. Sawa. Redio mbovu bado inasikika.

Jumanne, 4 Februari
Kwa Bwana Jayanti, fundi wa redio na simu, mkabala na duka langu. Baba yake alikuwa fundi humu humu Kariakoo. Ananiita dada. Aliifungua mashine akiwa amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

Akanionyesha kidude kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Anakiita konveta. Betri inatoa volti tatu na kitu, na zinashuka kadiri chaji inavyopungua. Mashine inataka tisa, zisizoyumba. Konveta ndiyo inayozipandisha na kuzishikilia hapo. Yangu imechoka. Betri ikiwa imejaa inajikaza. Ikishuka kidogo tu, inaachia.

Nikamwandikia: Kipo kingine?

"Cha hivi sijakiona hapa mjini, dada. Vipo vikubwa, vya taa na spika. Vinakula betri, halafu vinachemka."

Mashine mpya mpaka iagizwe nje. Hospitali walishaniambia, ni miezi. Miezi bila kusema.

Alhamisi, 6 Februari
Amejaribu kimoja cha taa. Ndani hakiingii, akakifunga nje kwa utepe. Sauti ikatoka, tena kubwa! Nikampigia Zuhura, mwanangu aliyeolewa Tanga. Tumeongea upuuzi mtupu, watoto, mvua, bei ya nazi. Nilikuwa na raha hiyo mpaka nikasikia moto.

Shingo imeungua. Doa jekundu, upana wa sarafu. Betri nayo imeanza kuvimba.

Bwana Jayanti aliiona akapauka. Amenikataza kuitumia, akarudisha konveta ile ya zamani. Amesema ataendelea kutafuta kwenye vyuma chakavu vyake.

Ngozi ya shingo ninayo hiyo moja. Ikiharibika, hata mashine mpya haitakuwa na pa kukaa.

Ijumaa, 7 Februari
Maneno machache asubuhi, kisha basi.

Harufu pia sisikii, hewa haipiti puani. Chumbani Magomeni nakaa peke yangu. Gesi ikivuja sitanusa. Mtu akiingia sitaita. Nimeweka sufuria na mwiko kando ya mto wa kulalia, nigonge.

Jumamosi, 8 Februari
Shingo inauma. Naandika hivyo hivyo.

Duka lilijaa. Mama mmoja wa gauni la njano alichagua vifungo, akalipa, akatoka. Baadaye nikainua boksi la zipu, nikakuta simu chini yake. Ni yake, niliiona mkononi mwake. Nikatoka nimwahi.

Nikasikia: mwizi! mwizi!

Walikuwa wamemzunguka Kazumari. Mbeba mizigo, mtu wa Newala, ananibebea marobota ya nyuzi tangu kabla sijaugua. Alipita karibu na yule mama akiwa na mzigo kichwani. Mama akapapasa mkoba, hakuona simu, akapiga kelele. Basi. Hakuna aliyeuliza. Kazumari yuko chini, damu puani. "Sijachukua, wallahi sijachukua." Mtu ameshashika tofali.

Nikajipenyeza mpaka kati. Nikainua simu juu. Nikabana mashine shingoni. Nilitaka kusema imesahauliwa dukani kwangu. Ikatoka "Simu hii..." Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya.

Nimesimama na simu inayotafutwa, sisemi.

"Mwenziwe huyo! Kapewa aifiche!"

Kijana mmoja mwenye mwanya akanikamata mtandio, akaukaza shingoni. Hakujua. Mimi navuta pumzi hapo hapo alipokaza. Hewa ikaisha. Nikafungua mdomo, bure. Pembeni kukaanza kuwa giza. Nikajua nakufa, watu wote wale wananitazama, na hakuna anayejua kuwa nakufa. Wanadhani nimekosa cha kujitetea.

Nikamparura mikono. Nikaung'oa mtandio pamoja na kitambaa chake. Tundu wazi. Pumzi ikaingia kwa mlio, ule mlio ninaouficha kila siku.

Akaniachia, akarudi nyuma. Mwanamke mmoja akasema, "Yesu wangu."

Sikujifunika. Tofali lilikuwa bado juu. Nikamshika mkono yule mama wa gauni la njano, nikamvuta mpaka dukani. Nikaweka simu mezani, nikaifunika na boksi, kama nilivyoikuta. Akatazama boksi, akanitazama mimi. Akashika mdomo.

"Niliiweka mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nachagua vifungo."

Nikamsukuma mlangoni akaseme. Yeye sauti anayo. Alisema kwa aibu, chini chini, hawakumsikia. Bwana Jayanti ndiye aliyetoka dukani kwake, akapaza, "Simu imepatikana! Haijaibwa! Mwacheni!"

Tofali likashuka. Watu wakatawanyika upesi, kila mmoja na safari yake. Yule mwenye mwanya sikumwona tena. Kazumari alibaki amekaa chini, mikono bado kichwani.

Jumapili, 9 Februari
Sijatoka. Vumbi limeingia kifuani, nakohoa. Kila nikisikia hatua uani nashika shingo.

Zuhura kapiga. Nikagonga simu kwa ukucha mara mbili. Ndiyo ishara yetu, maana yake nipo salama.

Uongo.

Jumanne, 11 Februari
Kazumari amekuja na mkewe, wameleta mihogo. Jicho moja halijafunguka. Mkewe alilia kidogo, akajifuta, akaomba kisu amenye.

"Mama, wewe ungekaa ndani tu," Kazumari akasema. "Wangekuua na wewe."

Nikatikisa kichwa. Asidhani mimi ni shujaa. Miguu ilitaka kurudi ndani. Sijui kwa nini haikurudi.

Tumekula mihogo na chumvi. Walipoondoka nikafunga mlango kwa komeo, nikaujaribu, nikaujaribu tena.

Ijumaa, 14 Februari
Bwana Jayanti kanitumia ujumbe: Njoo dada, nimepata.

Nilikuwa sijatia mguu Kariakoo tangu siku ile. Nimezunguka kupitia Mnazi Mmoja, kwa miguu, kando kando ya ukuta. Mtu akipiga mluzi najibanza.

Konveta ameitoa kwenye kifaa kibovu, kile ambacho wakunga wanasikilizia moyo wa mtoto tumboni. Kile nacho ni cha mkononi na cha betri. Kidude ni kidogo kama changu, na kinakula kidogo. Akaipima betri ikiwa imejaa, ikiwa nusu, ikiwa karibu na kufa. Kila mara volti tisa, hazikuyumba.

Akanipa. Sikuweza kubonyeza. Nilikaa nayo mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Ikikatika tena je? Hakunihimiza, akajifanya anatafuta bisibisi.

Nikabonyeza. Nikasema, "Bwana Jayanti, ahsante." Maneno yote yakatoka. Nikaishika muda mrefu shingoni. Haikuchemka.

Akavua miwani yote miwili.

Jumatano, 19 Februari
Siku ya tatu tangu nifungue duka tena. Mashine haijakatika. Bado naiwasha kila baada ya muda, chini ya meza, nisikie kama ipo.

Mchana aliingia yule mwenye mwanya, peke yake. Nilimjua kabla hajanyanyua uso. Alama za kucha zangu ziko mikononi mwake, zimeanza kupona. Alinijua pia.

Akasimama mbele ya vifungo. Hakugusa chochote.

"Shikamoo, mama."

Mashine ilikuwa shingoni. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nilimtazama, naye akatazama sakafu. Alingoja sana. Wateja wawili wakaingia, wakaanza kuulizia uzi wa bluu.

Sikumwitikia.

Akatoka taratibu, akawapisha watu mlangoni. Nikawaambia wale wateja bei ya uzi. Mashine haikukatika. Jioni nikafagia, nikavuta mlango wa chuma, nikaenda nyumbani.