Kioko, Maandishi Yako Bado Yanasomeka

Rafiki yangu Kioko,

Jana mkeo Ndinda alikuja dukani kwetu na simu yako. Amepungua mwili kidogo, lakini watoto wako salama na mvua ya Mbooni mwaka huu haikutudanganya. Alitaka nimwonyeshe zile makala ulizokuwa ukiwaandikia wakulima. Nimeona nikuandikie, kwa sababu hapa Kikima hakuna mwingine wa kumweleza jambo hili akacheka vile ungecheka wewe.

Unakumbuka tulivyoanza ule ukurasa wetu wa mtandao? Nilikuwa nimetoka chuo, najivunia HTML yangu, ile lugha ya kutengenezea kurasa. Kila aya naifungua kwa mabano yenye ncha na kuifunga kwa mengine. Neno moja likitaka kukolezwa, alama huku, alama kule. Wewe ukatazama kioo ukijikuna shingo. "Mwikali, mbona alama ni nyingi kuliko maneno?" Nikakwambia kazi safi iko hivyo.

Halafu siku ya soko akaja Mama Kalekye. Kwa muda mrefu alikuwa akitutumia sauti kwa simu, sisi tunamwandikia. Siku hiyo alitaka kuandika mwenyewe jinsi anavyohifadhi kunde na majivu. Nikampisha kiti. Akafuta bano moja bila kujua, na tulipoangalia ukurasa, herufi zote zilikuwa zimegeuka nene, nyeusi tii. Akaondoa mikono kwenye kibodi kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. "Nimeharibu kitu ya watu," akasema, na kuanza kutafuta kikapu chake aende.

Ni wewe uliyemrudisha. Ulivuta kiti, ukafungua faili tupu. "Mama, andika kama unaandikia dada yako. Kichwa, weka hash mbele, ile ya kuangalia salio. Ukitaja vitu kimoja kimoja, anza na kistari. Neno la mkazo, nyota huku na nyota huku, si huwa unaweka hivyo kwa group ya kanisa?" Akasema ndiyo, huweka akitangaza maombi. Basi akaandika, pole pole, kwa kidole kimoja, mpaka mwisho. Ile programu ndogo uliyoiunda mwenyewe ikayageuza maandishi yake kuwa HTML, ukurasa ukatoka umenyooka. Aliusoma kwa sauti, akausoma tena. Soko lililofuata alirudi na jirani yake.

Mimi bado nilinung'unika, unanijua. Nikakuuliza, na lile jedwali kubwa la mbolea utalichora kwa nyota? Ukacheka. "Hilo liwekee mabano yako. Sikatai mabano. Nakataa mtu kukodisha lori aende kuleta kilo moja ya chumvi." Kioko, hilo neno lilinifundisha kuliko chuo.

Ukaugua. Kule wodini Kitui, na sindano ya maji mkononi, uliendelea kutuma makala kwa hako kasimu kako. Kwenye simu yale mabano yamefichwa mbali, lazima uyatafute. Nyota na kistari viko karibu. Ile makala yako ya matuta ya kuzuia udongo usibebwe na maji iliponifikia niliiweka kwenye ukurasa bila kugusa kitu. Ungeandika kwa njia yangu, nguvu zingekuishia kwa aya ya kwanza, na leo tusingekuwa nayo. Kwa hilo tu nakushukuru. Nashukuru sana.

Baada ya kukuzika, stima ilipotea ikarudi kwa nguvu, ikachoma kompyuta yetu. Makala zako, ile programu na ukurasa wenyewe vyote vilikuwa humo. Nilikaa nikijiambia Kioko amekufa mara ya pili. Mpaka jana, Ndinda alipoleta simu.

Faili zote zilikuwepo. Nikaifungua ya matuta hivyo hivyo, bila programu yoyote, nikaanza kumweleza Ndinda kwamba bado haijageuzwa, asishangae alama. Hakunisikiliza. Alikuwa anasoma tayari.

"Ni yeye," akasema. "Anaongea tu vile huongea."

Alisoma yote, hata pale unaposema mtu asichimbe kabla ya kutembea shambani mvua ikinyesha, aone maji yanataka kupita wapi. Akalia kidogo. Mimi pia. Halafu akakunja uso. Ulikuwa umeandika "mtalo" badala ya "mtaro", Mkamba wewe. Akaniuliza, "Nikirekebisha, atakasirika?"

Nikamwambia hapana.

Akaiweka ile r mwenyewe, hapo hapo kwenye simu. Kisha, bila kuniuliza lolote, akashuka chini ya orodha yako, akaweka kistari, na kuandika: "Panda nyasi kwa ukingo mapema. Usingoje udongo uanguke." Ndinda, ambaye hajawahi kukalia kompyuta! Sikumfundisha kitu. Aliona tu vile wewe ulivyofanya.

Nilikuwa nimeshapata mashine nyingine, ya mkono wa pili, na jana usiku niliurudisha ukurasa kwa faili zako, mabano nikiyaweka mwenyewe. Makala ya matuta sasa ina majina mawili.

Jumamosi naenda Mwingi. Kuna kina mama wafugaji wa mbuzi wanataka ukurasa wao, na walikuwa wameniomba niwaandikie. Nakuahidi sitawaandikia. Nitakaa kando, waandike wenyewe, na wakikosea nitawaambia hawajaharibu chochote.

Ni muvea, Kioko. Asante kwa yote. Pumzika, ndugu yangu.

Mwikali