Wiki Sita Bila Virgule

Papa,

Kuna swali nataka kukuuliza, lakini nitaanza mbali kidogo, maana wewe hukupenda mtu aanze habari mwishoni.

Tangu tukuzike mwaka umepita, na miezi juu yake. Maman tulimtoa kule kwenye kituo cha mvua ulikofanyia kazi. Anakaa nami hapa mjini, Nguba, chumba cha nyuma, na kila siku analalamikia upepo wa ziwa kana kwamba mimi ndiye ninayeupuliza. Vita havijaisha. Barabara ya Uvira inafungwa, inafunguliwa. Wiki moja nyanya za Sange zinafika sokoni, wiki nyingine hazifiki. Mimi nimepata kazi kwenye biro, ofisi ndogo inayogawa mbegu kwa wakulima. Chef wangu, mkubwa wetu kazini, ni agronome, mtaalamu wa kilimo, Monsieur Aristide, mtu mpole asiyeamini kitu mpaka akione kwenye jedwali. Siku nilipomwambia kwamba baba yangu alipima mvua kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, alisimama.

"Na madaftari iko wapi?"

Yalikuwa chini ya kitanda cha Maman, ndani ya mfuko wa unga. Waporaji walibeba milango ya kituo, wakabeba hata mabati, ila madaftari yako Maman alikuwa ameshayatoa. Sikumuuliza kwa nini alikumbuka madaftari na akasahau sufuria zake. Nilipaswa kumuuliza.

Monsieur Aristide alitaka yote niyaingize kwenye ordinateur, kompyuta ya biro, ili tujue mvua za kwanza zinaanza lini kweli, na maharagwe yapandwe lini. Mashine yetu ni ya zamani na ilikuwa imejaa virusi. Bahati nzuri, mgeni aliyepita akitoka Nairobi alituachia sidi tatu za Linux. Huo ni mfumo wa kuendesha mashine, ambao watu wa nchi nyingi wameuandika pamoja na kuuacha wazi. Ukitaka kujua unafanyaje kazi, unaufungua na kusoma. Ukitaka kumpa jirani, unampa. Nilikufikiria wewe, uliyefungua redio yetu mara tatu wakati haikuwa imeharibika.

Sidi ya pili ilikuwa na mikwaruzo. Niliiosha kwa sabuni, nikaipangusa na kitenge, ikasoma. Kisha nikaweka PostgreSQL, yaani hazina ya data. Ni seva: inakaa nyuma ya kila kitu, kimya, inangoja kuulizwa. Niliingia kwa jina la root, mkubwa wa mashine nzima, asiyekatazwa kitu, nikaiamuru iwake.

Ikakataa! Na unajua ilikataa kwa sababu gani? Kwa sababu mimi ni mkubwa. Iliniambia kwa adabu kwamba mwenye nguvu zote haruhusiwi kuiendesha. Nitengeneze mtumiaji mdogo, asiye na haki nje ya folda yake, yeye ndiye aiwashe. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Hapa mjini kila mwenye bunduki ni mkubwa wa kila kitu, hata wa kuku wa jirani, na kumbe kuna mashine inayomtazama mkubwa usoni na kumwambia: wewe hapana.

Nikamtengeneza huyo mdogo. Nikajaribu kuingia, na sasa ikaniuliza kama mkuu wa posta yuko kazini. Naapa, Papa. Walioiandika waliipa jina hilo ile sehemu inayopokea maombi mlangoni. Nikamwita Monsieur Aristide aone.

"Huyo mukubwa wa posta umutafute," akasema. "Mimi niko na barua za tangu zamani."

Nilikuwa nimesahau kumwasha tu. Nikamwasha, akaitika, nikaunda jedwali la kwanza nikaliita mvua: tarehe upande huu, milimita upande ule.

Nikaanza kuandika madaftari yako. Courant ya umeme ilikuwa inakatika bila kuaga. Mara ya kwanza nilidhani nimepoteza kila kitu, nikakaa na mikono kichwani. Iliporudi, nilikuta kila ukurasa niliokuwa nimeuthibitisha uko palepale, na ule niliokuwa katikati yake umeondoka wote, hata mstari mmoja haukubaki. Seva haihifadhi kitu nusu. Ama ukurasa umeingia, ama haukuingia. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Nimeishi kwenye vitu vya nusu muda mrefu sana.

Sasa nakaribia swali.

Nilipofika katikati ya madaftari nilitaka kuijaribu seva, nikaiuliza jambo la kijinga: katika siku za mvua, kila tarakimu baada ya virgule, ile alama ya desimali, inatokea mara ngapi? Wewe ulipima mpaka sehemu ya kumi ya milimita. Nne virgule tatu. Kumi na moja virgule nane. Nilitegemea tarakimu zote zilingane kidogo. Lakini sifuri zilikuwa nyingi mno. Nikauliza: siku zipi? Zikatoka zimepangwa: chache hapa na pale, nyingine zote zinafuatana. Wiki sita. Kumi na mbili. Tatu. Ishirini. Hakuna hata virgule moja yenye kitu nyuma yake.

Nikatazama tarehe. Ni wiki zile za vita vya kwanza, askari walipokukamata barabarani wakakubebesha makasha yao kwenda msituni. Mimi nilikuwa kwa shangazi mjini, sikuweza kufika kwenu. Hukuwa nyumbani, Papa. Hukuwa hata karibu. Lakini mwandiko ni wako, na saba zako zina mkanda katikati.

Nilirudi nyumbani na daftari. Maman alikuwa anachambua maharagwe. Nilifungua ukurasa nikauweka mbele yake. Aliutazama, akaendelea kuchambua.

"Maman, hii njo nani aliandika?"

"Papa yako."

"Papa hakukuwa nyumbani."

Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. "Ni mimi."

"Sababu ya nini?"

"Alikuwa anasema, siku moja ikipotea, mwaka muzima unaharibika. Nikasema akirudi akute mwaka wake. Nilijuaka atauliza daftari mbele ya kuniuliza mimi."

"Na aliuliza?"

"Aliuliza maji." Akachota maharagwe mengine. "Miguu yake ilikuwa imevimba. Aliuliza maji ya kunywa."

Alinieleza alivyokuwa anashuka kila asubuhi na jembe begani, kama mtu anayeenda shamba, mpaka pale kwenye kile kipimo chako cha mvua kando ya barabara. Mistari mikubwa ya ile chupa ya kupimia aliijua, ile midogo hakuwahi kufundishwa. Siku moja askari alimsimamisha akamuuliza hicho kibati ni cha nini. "Nikamwambia ni cha kupima mvua. Akacheka. Akauliza: na leo itanyesha? Nikamwambia mimi napima ya jana." Ile saba yako aliichora na mkanda kusudi wakubwa wako wasijue kuwa hupo, wasikufute kazi.

Nilimpelekea Monsieur Aristide habari hiyo nikidhani atafurahi. Alivua miwani.

"Nsimire, hizo ni faux, ni za uongo. Zifute."

"Si faux. Ni za Maman."

"Mutu anaiga mwandiko wa mwingine, mimi nitajua aje kama hakuwa anaota tu hizo namba?"

Lilikuwa swali la haki, nalo lilinikera kwa sababu nami nilikuwa nalo kidogo. Nikaenda Katana, si mbali na kituo chako. Kule kuna sista mzee wa bustani aliyekuwa anaandika kila siku, hata wakati wa vita vile vya kwanza, kama mvua imenyesha ao hapana, bila kipimo. Alinipa daftari lake nikalinakili mezani kwake. Niliporudi nikaunda jedwali la pili, kisha nikaiambia seva iyaunganishe yote mawili kwa tarehe. Hii ndiyo kazi iliyotengenezewa, Papa: vitu viwili vilivyoandikwa mbali, na watu wasiojuana, kuwekwa bega kwa bega.

Nilibonyeza.

Siku ambazo sista aliandika mvua, Maman ana mvua. Siku ambazo sista hakuona kitu, Maman ana sifuri. Zilipotofautiana zilikuwa siku chache tu, kama wingu lilivyo, linapita huku linaacha kule. Monsieur Aristide alisogeza kiti akazifuata moja moja kwa kidole mpaka chini.

"Aliona," akasema. "Huyu maman aliona kweli." Kisha, bila kunitazama: "Hakuna jedwali la wapimaji?"

Hakukuwa nalo. Nililiunda siku hiyohiyo. Mpimaji wa kwanza ni wewe. Mpimaji wa pili ni Maman, Vumilia M'Cizungu. Kila siku ya mvua sasa inaelekeza kwa aliyeipima, na zile wiki sita zinaelekeza kwake.

Swali langu ni hili. Nilirudi kwenye karatasi zenyewe. Kila ukurasa wa miaka yote hiyo una sahihi yako chini, hata ule wa wiki uliyozika mama yako. Kurasa za Maman tu hazina. Maman anasema hukujua kitu, ulirudi mgonjwa ukasahau. Mimi siamini. Ulimwambia chochote? Ulizikataa kimyakimya? Ao uliona si kazi yako, ukamwachia nafasi? Nimeusogeza ukurasa dirishani, nimeutazama kwa mwanga, kama vile kuna kitu ulichofuta. Hakuna. Ni weupe tu.

Seva haiwezi kunijibu hilo. Nimeamua mwenyewe. Jumapili baada ya misa nilimpa Maman kalamu.

"Hapa ni mahali pa Papa yako," akasema.

"Aliacha wazi, Maman."

Alipitisha kidole kwenye ile nafasi. Halafu akaandika jina lake, pole pole, herufi kwa herufi, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka zikaisha. Wa mwisho aliupuliza wino ukauke.

Pumzika, Papa. Nitamaliza madaftari yote, na mahali mwandiko wako unaponisumbua nitauliza, sitabahatisha. Na nakuahidi kwamba namba zake sitazigusa. Siku aliyoandika kumi na mbili, itabaki kumi na mbili.

Binti yako,
Nsimire