Safu ya Waenda kwa Miguu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kitini, si kitandani, na dada hakunyimi sukari kwa kumsingizia daktari. Nyonga inaendeleaje? Umeanza kuukanyagia mguu? Mimi ni mzima, ila nimegombana na ofisi yetu nzima ya barabara. Tafadhali usianze kunigombeza kabla hujamaliza kusoma.

Barabara yetu unaijua. Tangu ipanuliwe kuwa ya njia nne, mtu wa upande wa shule akitaka kwenda kwa fundi cherehani ng'ambo, anakimbia kama mwizi. Wewe mbio huna, ndiyo maana gari likakuvunja nyonga. Ulipotoka hospitali niliomba kiwekwe kivuko. Mkuu wangu wa kazi, yule tunayemwita Muhuri, akajibu kwamba kwa mujibu wa hesabu zetu hakuna watu wanaovuka pale. Eti hawapo! Nikaomba tena, nikapigwa danadana.

Basi Jumapili asubuhi, jua limeshawaka, tukaifunga barabara kwa madawati ya shule. Fundi cherehani akapima milia ya kivuko kwa utepe wake wa nguo, mwalimu mkuu akashika kamba, mimi na majirani tukapaka rangi. Yule shoga yako wa nyumba ya pili alijimwagia nusu kopo viatuni, akailaumu serikali. Tulicheka mpaka mbavu zikauma! Pembeni tukaweka mabenchi mawili. Kufika adhuhuri madereva walikuwa wanasimama. Wananung'unika, lakini wanasimama. Na watu ambao hawajasalimiana tangu barabara ipanuliwe walikaa benchi moja wakiulizana habari za watoto.

Jumatatu Muhuri akaniita. Akasema milia ile niifute kabla ya Ijumaa na niandike barua ya kuomba radhi, la sivyo kazi sina. Nikamwambia brashi ya kupakia ninayo, ya kufutia sina. Leo ni Alhamisi, na milia ipo.

Sasa Mama, kaa vizuri. Ulipouliza ni nani aliyeichora ramani ya barabara ile ili umlaani, nilinyamaza. Niliichora mimi. Kabla ya kuchora nilitumwa pale kona kutwa nzima kuhesabu wanaopita. Fomu ilikuwa na safu ya magari madogo, ya mabasi, ya malori, ya pikipiki. Ya waenda kwa miguu haikuwepo, na mimi msomi wako sikuuliza. Siku ile ulivuka kuniletea chupa ya chai, ukavuka kurudi nyumbani. Alasiri ukavuka tena kuifuata chupa yako, ukarudi. Mara nne, Mama, mbele ya macho yangu, kalamu ninayo mkononi, na sikukuhesabu. Nisamehe. Naona aibu hata kuandika.

Radhi nakuomba wewe, si Muhuri. Yeye kesho nampelekea fomu mpya. Jana nilikaa tena pale kona tangu alfajiri, na safu ya waenda kwa miguu nimeichora mwenyewe. Imejaa kurasa sita. Akitaka kunifukuza anifukuze, lakini azisome kwanza.

Msalimie dada na wanawe. Ukipona njoo uvuke taratibu, bila kumkimbia mtu. Nitakuwa benchini upande wa fundi cherehani, na safari hii chai naleta mimi. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, nimekuandika wewe: mara nne.

Ni mimi kitinda mimba wako,
mkaidi kama ulivyonizaa.