Bao Alilofungwa Himid

Mama Himid,

Karafuu nimezianika uani. Ukiona wingu, zianue upesi. Mbuzi hajapewa majani. Mimi nakwenda Gando kwa kaka yako, maana Himid kahamia huko asubuhi hii, wewe ukiwa kisimani.

Najua utauliza kulikoni. Jana timu yetu ya Wawi ilishinda mechi yake ya kwanza ya ligi, bao moja kwa bila, na golikipa aliyefungwa ni mwanetu. Alipojiunga na timu ya Chake nilimwambia wazi kwamba mimi sihami timu uzeeni. Lakini bao lilipoingia nilirusha kofia juu nikacheza mbele ya watu, naye bado kalala chini pale golini.

Leo kwenye chai akaniambia, "Baba, nilikuona."

Badala ya kunyamaza nikamjibu, "Mpira ule hata bibi yako angeudaka."

Akaweka kikombe, akafunga nguo zake, akaniaga kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyonichoma.

Tangu hapo sikai wala sisimami. Ua nimeufagia mara mbili. Nitalala huko huko. La, hilo nimelikata: nitarudi leo na gari la jioni, naye au bila yeye. Majirani usiwaambie.

Ushindi huu nimeungoja tangu mwaka jana, na sasa sina hamu hata ya kuusimulia. Nakwenda kumwomba radhi mwanangu. Njia nzima nitakuwa natafuta neno la kuanzia.

Baba Himid