Tezi Yenye Njaa

Osaka, 2 Novemba 1998

Mdogo wangu Ok-rye,

Mwezi huu natimiza miaka hamsini tangu nikimbie kisiwa chetu cha Jeju. Hujambo? Kidonda cha shingoni kimekauka? Mimi mzima, ila magoti yanalalamika.

Umeniuliza, kwa kuwa nilifundisha udaktari, kwa nini umekatazwa vitu vya baharini wiki mbili. Tezi waliyokutoa ilitengeneza homoni inayoupa mwili joto, na malighafi yake ni madini joto. Chembe za saratani zilizobaki bado zinayataka. Zikikaa na njaa, zitameza kwa pupa yale yenye mionzi utakayopewa hospitalini, nayo yataziua. Usile mwani, samaki, wala chumvi ya bahari.

Kaka yako,
Tae-geun

Jeju, 21 Novemba

Kaka, shikamoo.

Nimerudishwa nyumbani bila tiba. Nilikula wali na figili bila chumvi, kama mbuzi. Lakini tarehe kumi ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa, na mkwe wangu akanipikia mchuzi wa mwani. Nani kwetu hanywi siku hiyo? Sikuuhesabu kuwa ni chakula.

Daktari alipopima mkojo akashtuka. "Mama, umekula mwani?"

"Sijala."

"Hata kijiko?"

"Kijiko gani? Nimekunywa mchuzi wa siku yangu, mabakuli mawili."

Akafunika uso. Wapiga mbizi wenzangu nao: "Miaka arobaini umevuna mwani, leo mwani umekuvuna wewe!"

Nitarudia Januari. Watanisimamishia tena vidonge vya homoni ninavyomeza badala ya tezi. Mara ile nilisikia baridi hadi mifupani, uso ukavimba, maneno yakanipotea. Peke yangu siwezi tena. Uje unishike mkono, la sivyo siendi.

Mdogo wako,
Ok-rye

Osaka, 30 Novemba

Mdogo wangu,

Unaendeleaje? Nimecheka, kisha nikajilaumu: nilikutajia mwani, nikasahau mchuzi.

Ile baridi si udhaifu wako. Vidonge vikisimama, tezi ndogo kama choroko, chini ya ubongo, huona homoni ya shingoni imepungua katika damu, ikaanza kupiga kelele iletwe. Kelele hizo ndizo huziamsha chembe zilizojificha, zikaona njaa. Ukijisikia vibaya, ujue tiba imekaribia.

Kaka yako,
Tae-geun

Jeju, 9 Desemba

Kaka, shikamoo. Huku wazima.

Umenieleza tezi zote, mimi ukaniruka. Unakuja au huji? Kwa ndege ni saa mbili tu, na askari waliochoma kijiji chetu wamekwisha kufa.

Ok-rye

Osaka, 20 Desemba

Mdogo wangu,

Natumaini umeamka salama. Kuna tezi mbili sikukueleza, zimekaa juu ya figo kama kofia. Mtu akiogopa humwaga homoni: moyo hudunda, mikono hulowa jasho, miguu hutaka kukimbia. Nilifundisha kwamba homoni hiyo huisha katika damu baada ya dakika chache. Ni kweli, huisha. Kisha humwagwa tena.

Mwezi wa tano nilikata tiketi, sikukwambia. Kwenye uwanja wa ndege nilisoma "Jeju" ubaoni, nikasikia harufu ya paa letu likiungua. Nilijikuta nimekaa sakafuni, binti mmoja wa pale akiniuliza, "Babu, nikuitie nani?" Nikarudi nyumbani kwa treni.

Nenda Januari, mkwe wako akushike mkono. Wiki hizo mbili nami nitakula wali na figili bila chumvi, na nitakuandikia kila siku. Usiifunge tiba yako kwenye safari yangu.

Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Tae-geun