Kwa Baba, Uliyebebwa Mgongoni mwa Brashi

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ulipotoka na baiskeli, ukatupungia mkono bila kugeuka kwa sababu uliogopa kuanguka. Ukarudishwa huna pumzi. Watu walituahidi kwamba mwaka ukipita maumivu yatapoa. Hayajapoa. Mama bado analala ukingoni mwa kitanda, upande wake uleule, kana kwamba utaingia na kulalamika amekubana.

Ulikuwa kinyozi. Mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Mteja akiingia amenuna, ulimgeuzia kiti asijione kwenye kioo, ukamwambia, "Wewe kwanza tengeneza uso, mimi nitatengeneza kichwa." Watoto walioogopa mashine uliwatungia wimbo wenye majina yao ndani yake, wakatoka wakiuimba. Nyumbani hukuweza kumpita mtu bila kumpapasa kisogo, kuona kama nywele zimeota. Tulikuwa tunakukwepa. Leo tungepanga foleni.

Wazo la safari halikuwa lako. Lilikuwa la rafiki yako Brashi, mpaka rangi wa mtaa wa pili, ambaye kwetu ni baba mdogo hata kama si wa damu. Mjukuu wake alilazwa wodi ya watoto, wakakuta mashine ya oksijeni ni moja, anapokezana na mtoto wa kitanda cha pili. Mjukuu alipona. Yule mwenzake hakupona. Brashi akaja akakaa kwenye kiti chako pale saluni.

"Kaka, usingizi sipati. Tuendeshe baiskeli mpaka mji mkuu, watu wachange, mashine nyingine ipatikane."

Ukamtazama kwenye kioo. "Wewe, na magoti hayo?"

"Na wewe, na tumbo hilo?"

Hapo mkawa mmekubaliana. Mama alisema mmepata wazimu. Mkafanya mazoezi kuzunguka uwanja wa mpira, ukawa unarudi nyumbani unatembea kama bata, na bado unataka tukupigie makofi.

Ya barabarani tunayajua kwa kinywa cha Brashi, aliyemsimulia mama mara moja tu, siku ya mazishi. Siku ya kwanza mlicheka. Siku ya pili hakuna aliyecheka. Viti vilikuwa vimewachubua, na upepo wa mbele haukukoma, hata kwenye mteremko ikabidi mkanyage pedali kwa nguvu. Maji yaliisha. Kwenye mlima mrefu Brashi aliitupa baiskeli mtaroni, akajilaza kando yake.

"Niache. Waambie nimeshindwa."

Hukubishana naye. Ulikaa kwenye mawe, ukatoa mkasi kwenye kibegi, ukaanza kumpunguza ndevu. "Mji mkuu hauingiwi na ndevu kama za mbuzi," ukasema. Akacheka huku analia. Ulipomaliza, akainuka.

Kesho yake ilikuwa tambarare tupu, jua la kuchoma, hata kivuli cha nguzo hakuna. Ulisema kifua kinabana. Brashi akasimama palepale.

"Basi, kaka. Turudi."

"Turudi wapi? Nyuma ni mbali kuliko mbele."

Ukaendesha kidogo. Kisha ukashuka taratibu, ukaisimamisha baiskeli yako vizuri, ukakaa chini.

Brashi alisimama katikati ya barabara akipunga fulana. Lori likapita. Basi likapita. Gari dogo lilipunguza mwendo, waliomo wakawatazama, likaondoka. Simu haikushika mtandao. Ndipo akakupakia kwenye keria ya baiskeli yake, akakufunga kwake kwa tyubu, kifua chako mgongoni mwake, akaanza kukanyaga. Mtu yuleyule aliyekuwa ameshindwa jana yake. Njia nzima alikuwa anakusemesha.

"Kaka, unanisikia?"

"Nasikia. Endesha, acha maneno."

Baadaye ukawa unaguna tu. Baadaye akahisi kidevu chako kimemlalia begani, akajiambia umesinzia. Akaendelea kukupigia hadithi mpaka mlangoni mwa zahanati, na muuguzi ndiye aliyemshika mkono, akamwambia aache kuongea.

Mashine ilinunuliwa, Baba. Majirani walichanga, na watu ambao hamkuwahi kuwaona. Mama alikwenda kuiangalia. Iko pembeni mwa wodi, inanguruma. Alisimama pale akingoja kufarijika, faraja isije. Palikuwa na mzazi kijana amempakata mwanawe mwenye mpira puani. Mama akamgusa bega, akatoka, akalia kwenye ngazi. Tungekudanganya tukisema mashine ile inatosha badala yako. Haitoshi. Saluni nayo, kila tukiifungua, wateja wako wanaingia, wanakaa kidogo, kisha wanasimama na kwenda zao.

Na Brashi hatumwoni. Tangu mazishi hajakanyaga kwetu. Mama akienda kwake, mkewe anasema amelala, mchana kweupe. Kazi ameacha. Akituona mtaani kwa mbali, anakata kona. Juzijuzi mama alimkuta dukani, akamdaka mkono kabla hajakimbia.

"Shemeji," akasema, macho chini, "mimi ndiye niliyemtoa nyumbani."

"Na wewe ndiye uliyembeba," mama akamwambia. "Wengine wote walipita."

Akajinasua, akatoka, mkate aliolipia akauacha juu ya kaunta.

Brashi alikuwa akikusikiliza wewe pekee, Baba, na wewe hupo. Sisi maneno yametuishia. Ndiyo maana tunasema nawe hapa gazetini, mahali ambapo na yeye atasoma.

Unakumbukwa na mkeo, binti zako na mwanao wa kiume, wakwe zako, wajukuu wanaokujua na yule aliyezaliwa umeshaondoka, dada zako, na wateja wako wote. Unakumbukwa pia na mdogo wako Brashi, tuliyemwandika humu kati ya ndugu bila kumwomba ruhusa. Brashi, mama anasema njoo, hata kama utakaa kimya. Mmoja tumeshamzika. Wa pili hatuna nguvu ya kumzika angali hai.

Hutatutoka moyoni, Baba, maadamu tunapumua.